Fainali ya Mama Katekista

Mtaani kwetu Kikula, mjini Likasi, mtu aliyeshonesha nguo mpya na kutaka sifa alipita njia ya nyuma, asikutane na Mama Katekista. Dada yangu hakupita nyuma. Siku mbili kabla ya ndoa yake alisimama mlangoni pa mama huyo, akageuka mbele na nyuma, akaomba maoni. Mama Katekista aliweka chini ungo wa maharagwe, akamkagua taratibu, akasema gauni linabana kwapani na lile ua la kifuani ni la pazia. Dada alilia mpaka macho yakavimba. Kesho yake alilirudisha gauni kwa fundi, kwapa likafunguliwa, na siku ya ndoa alicheza mpaka jioni bila kukwama. Mpaka leo hajamsamehe, na mpaka leo anakubali kwamba lilikuwa linabana.

Kuna watu wanaosema kweli ili waumize. Yeye aliisema kama jirani anayekurudishia sahani yako: ni yako, chukua. Nilimjua tangu nina meno ya utoto, na sasa nina mvi kidevuni, lakini sikumbuki hata siku moja aliyosema jambo kwa sababu tu litampoza mtu moyo. Isipokuwa siku moja. Nilikuwapo siku hiyo, mimi ndiye niliyempeleka kwa pikipiki yangu, na haijaniacha nilale vizuri tangu wakati ule.

Tulipomzika jirani yetu mmoja, mlevi mkubwa, wazee kwenye kilio waliomba kila mtu aseme neno jema. Tukasema. Tulimtunga mtu mzuri kweli, mpole, mcha Mungu, mpaka mimi mwenyewe nikatamani ningemfahamu. Zamu ya Mama Katekista ilipofika alisema marehemu alikuwa anakunywa, alikuwa anampiga mkewe, na mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya nyumba yake yeye Mama Katekista, marehemu alikuja na ngazi kabla hajaitwa, akayapigilia yote. Tumwombee huyo, alisema, si yule mliyemtengeneza sasa hivi. Watu waliguna. Mjane ndipo alipolia kwa mara ya kwanza siku ile.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa sanamu. Umbea aliupenda. Ukimletea habari za nyumba ya tatu alisogeza kiti, akauliza maswali, akataka kujua nani alisimama wapi. Ukimaliza alisema "miye sikuona," na habari ikafia palepale, haikuvuka uzio. Chai yake ilikuwa na sukari vijiko vitano, na hata daktari alipomuuliza alisema vitano. Aliogopa vyura. Mwanamke ambaye padri mwenyewe alimheshimu, mvua ya kwanza ikinyesha ungemsikia akiniita kwa sauti ya mtoto nije nimtolee chura jikoni. Nilimtania kwamba chura naye ni kiumbe cha Mungu. Alijibu kwamba anajua, na kwamba anamwogopa hivyohivyo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutufundisha kwa ajili ya komunio ya kwanza. Tulikaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa, mimi na mwanawe wa pekee benchi moja, na hakumpendelea hata chembe. Somo la kitubio alilifundisha kwa vyombo. Alileta sahani mbili zenye mafuta ya jana na kitambaa kikavu. Ya kwanza aliipangusa kwa kitambaa mpaka ikang'aa, ya pili akaiosha kwa maji na sabuni. Kisha alituambia tupitishe kidole. Kuungama bila kujuta, alisema, ni hiyo ya kwanza. Padri anaweza kukunyooshea mkono mara kumi, mafuta yako yako palepale. Halafu alipita kwa kila mmoja na kuuliza kama anajuta dhambi zake. Tulisema ndiyo wote, upesiupesi. Akatukatalia. Tusiseme ndiyo kwa sababu ametuuliza, alisema. Twende nyumbani, turudi siku tutakayokuwa na jibu. Mimi nilirudi baada ya wiki. Mwanawe alikaa wiki tatu, na mama yake hakumharakisha.

Huyo kijana alikuwa na dini nyingine pembeni. Alipenda timu moja ya Uingereza, wale wekundu, tangu siku alipowaona kwenye gazeti lililofungiwa samaki. Akiwa na miaka tisa alichukua kaa la mbabula, jiko letu la makaa, akachora namba saba mgongoni mwa shati lake jeupe la mafundisho. Mama yake alimfulisha shati hilo mara nne. Saba ikafifia lakini haikutoka. Alipokea komunio ya kwanza na saba yake mgongoni kama kivuli, na kwenye picha aliyotundika ukutani mama alimweka akitazama mbele ili isionekane. Mimi nilikuwa wa timu ya bluu. Tuligombana kwa ajili ya Waingereza hao kuliko tulivyogombana kwa ajili ya wasichana.

Sasa nifike mlangoni, maana huwezi kumweleza Mama Katekista bila mlango wake.

Kijana alikua, kazi za kiwandani hakuzipata, akaenda kuchimba madini Kamatanda kama wengi. Alirudi na vumbi kifuani na marafiki asiokuwa nao zamani. Waya za shaba zikakatwa mahali fulani, watu watatu wakaonekana, yeye mmoja wao. Asubuhi, jua halijatoka vizuri, polisi walikuja mtaani. Katika nyumba ya kona waliuliza, na mama wa pale, bila kuacha kufagia, akasema mwanawe alikwenda Kolwezi tangu juma lililopita. Alikuwa darini. Wakafika kwa Mama Katekista. Alikuwa kizingitini anachagua mchele. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia nafungua karakana yangu ya kuchomelea vyuma, na nilisikia yote.

"Mama, mutoto iko wapi?"

Niliona mkono wake ukisimama juu ya ungo. Nilimwomba moyoni aseme Kolwezi, aseme Lubumbashi, aseme mbinguni.

"Iko mu nyumba," alisema. "Chini ya kitanda."

Walimtoa. Alipopita mbele ya mama yake hakutukana, hakulia. Alimtazama na kusema neno moja tu: "Weye." Alihukumiwa miaka minane. Yule wa nyumba ya kona anauza simu sokoni leo, ana watoto wawili, na mama yake akipita, Mama Katekista alimsalimia kama kawaida. Sijui alivyoweza. Mtaa uligawanyika. Wengine walisema yule ndiye mwanamke wa kweli, wengine walisema kuku anajua kufunika vifaranga, sembuse mtu. Mimi nilikuwa upande wa kuku. Niliacha kumsalimia zaidi ya mwaka, na naona aibu kwa hilo kuliko kwa mambo mengi.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza alikwenda gerezani na sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, imefungwa kwenye kitenge. Kila Jumapili kijana alikataa kutoka. Kapita wa wafungwa, yaani kiongozi wao, mtu mzima mwenye sauti ya chini, ndiye aliyepokea sufuria na kuiingiza. Mama alikaa kwenye benchi la wageni mpaka saa ya kufunga, kisha akarudi kwa miguu. Ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Siku moja kijana akatokea. Alisimama mbali, hakukaa, akauliza kama timu yake ilicheza jana. Mama alisema hajui. Kijana aligeuka akarudi ndani.

Jioni ile Mama Katekista alivuka njia na kusimama katika karakana yangu, katikati ya vyuma, kama mtu aliyekuja kununua geti. Sikuwa nimezungumza naye tangu siku ya polisi.

"Papa," aliniambia, "unifundishe mupira."

Hapo nyuma aliuita mpira ugomvi wa watu wazima ishirini na wawili kwa ajili ya ngozi. Nilipanga boliti na nati sakafuni, boliti wekundu, nati bluu, kichwa cha msumari ndio mpira. Kuotea, jambo linalowashinda wanaume waliotazama miaka ishirini, alilielewa kwa dakika tano. Kumbe, alisema, ni sheria ya kutomngojea mtu nyuma ya mgongo wake. Ndiyo mama, nikamjibu, ndivyo hasa. Nikatamani arbitre wote, yaani waamuzi, wangekuwa na kichwa chake.

Lakini shida yake ilikuwa ileile ya siku zote. Nilimwambia nitamhadithia matokeo kila Jumamosi, naye akahadithie. Akakataa. Asingeweza kusema alichosikia kana kwamba amekiona. Basi ikabidi aone. Kila Jumamosi alikuja na kiti chake kidogo, akakaa mbele ya televisheni yangu iliyo juu ya pipa, rozari mkono mmoja, daftari la mafundisho mkono wa pili. Upande mmoja wa daftari majina ya watoto wa komunio, upande wa pili dakika na namba za wachezaji. Majina ya Wazungu yalimshinda, akawaita kwa namba. Penalti ikipigwa alifanya ishara ya msalaba kwa ajili ya mpigaji na kipa, wote wawili, maana kumwombea mmoja tu aliona ni kumwonea mwingine. Baadaye niligundua kwamba wekundu wakipiga, msalaba ulikuwa mrefu kidogo. Nilipomwambia alikasirika. Kisha akakubali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Gerezani alihadithia kama alivyofundisha. Alifungua daftari, akaanza dakika ya kwanza. Umeme ukikatika katikati ya mchezo alisema hapa dakika kumi na mbili sikuona, na aliposema hivyo hakuna nguvu duniani iliyoweza kumfanya akisie. Wafungwa walianza kusogea, watano, kumi, wakachuchumaa karibu na benchi. Nje kila mtu anapamba. Yeye hakupamba, na nadhani ndiyo maana walimpenda. Kijana alisikiliza kichwa chini. Aliuliza maswali mafupi, nani alitoa pasi, nani alitolewa. Kila swali lilianza na "weye." Weye, kipa alifanya nini. Weye, ilikuwa mguu gani. Akimaliza kuuliza alichukua sufuria akaondoka. Miaka mitatu nilimpeleka kwa pikipiki kila Jumapili, na sikuwahi kumsikia akimwita mama.

Njiani nilimuuliza mara moja kama angerudi siku ile ya mlango, angesema nini. Tulikuwa tumesimama kupisha lori la madini. Alisema haijui siku nyingine, anajua ile tu. Niliona ni jibu la ukatili. Sasa naona lilikuwa jibu la mtu anayeliuliza swali hilo kila asubuhi anapochagua mchele.

Kikohozi cha Kamatanda kilimrudia kijana mwaka jana, baada ya Krismasi. Kufika Pasaka mashavu yalikuwa yameingia ndani. Muuguzi alimpa vidonge na kuelekeza avimeze na chakula, maana kwa tumbo tupu vingemwangusha. Kijana aliacha kula. Sufuria ilianza kurudi ilivyokwenda. Kapita alituita pembeni akatueleza kwamba ameacha na vidonge pia, na kwamba amewaambia wenzake neno moja: "Ba-rouge bakikamata coupe, nitakula, nitameza dawa. Bakikosa, muniache nilale."

Wekundu walikuwa wamefika fainali ya kombe la Waingereza. Upande wa pili walikuwa timu yangu.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia. Mtu anawekaje roho yake kwenye mguu wa kijana wa Ulaya asiyejua hata Likasi iko upande gani wa dunia? Lakini nikifikiri, kila mtu hapa kwetu ameiweka roho yake mahali. Mwingine kwa nabii wa barabara ya tatu, mwingine kwenye shimo analochimba tangu mwaka juzi bila kuona madini. Yeye alikuwa na wekundu tu, na hata hao aliwapata kupitia mdomo wa mtu aliyemtoa chini ya kitanda.

Mama hakulia mbele yangu. Alimsihi mwanawe wiki mbili mfululizo, akapiga magoti kwenye uwanja wa wageni mbele ya watu. Kijana alitazama ukuta. Alichouliza ni habari za namba saba tu, na mama ikabidi amwambie kama alivyoona: goti limeumia, ametolewa kwa machela, hatacheza tena msimu huu. Niliona uso wa kijana ukijifunga.

Jumamosi ya fainali Mama Katekista hakula tangu asubuhi. Saa kumi na moja jioni karakana ilikuwa imejaa wanaume, wakampisha mbele na kiti chake. Nilikuwa nimejiapia kwamba siku hiyo mimi ni mwekundu. Nilijitahidi. Lakini kipindi cha pili, bluu walipofunga, miguu yangu iliruka kabla yangu. Nilipiga kelele, nikakumbatiana na mtu nisiyemjua jina. Nilipogeuka nilimwona Mama Katekista ameandika dakika kwenye daftari. Nikakaa. Wekundu waligonga mwamba dakika za mwisho, karakana nzima ikasimama, na kutoka palepale bluu wakakimbia wakafunga la pili. Filimbi.

Wanaume walitoka wakiimba. Yeye alibaki anatazama watu wa bluu wakinyanyua kikombe, kama anayesubiri mtu aseme kuna kosa limefanyika.

"Habarudiane?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Finale ni moja tu."

Aliandika matokeo, mbili kwa sifuri, akapiga mstari chini yake kwa rula. Akaniambia kesho nimchukue saa moja.

Asubuhi baridi ilikuwa kali. Njia nzima sikujizuia. Nilimgeukia nikamwambia: "Mama, useme balishinda. Ni neno moja tu. Mungu anaona." Aliniambia ninyamaze nitazame barabara. Nikanyamaza, na nakiri kwamba kwa kilomita zile nilimchukia. Nilijua atafungua daftari. Nilijua atasoma mbili kwa sifuri kwa sauti ileile aliyosemea "chini ya kitanda."

Tulifika kwenye uwanja wa wageni. Wale waliozoea kusogea walikuwa wamekwisha kaa, na hakuna aliyetutazama usoni. Kijana alitoka ameshikwa na watu wawili, blanketi mabegani. Walimkalisha kwenye benchi kando ya mama yake. Hakuwahi kukaa karibu hivyo tangu afungwe, na sasa alikaa kwa sababu hakuweza kusimama.

"Ba-rouge?" alisema. Hata lile "weye" hakuwa na pumzi ya kulisema.

Mama alifungua daftari. Aliutazama ule mstari wa rula. Kisha akalifunga, akalikalia.

"Balishinda," alisema.

Hakuna aliyesogea. Akaanza dakika ya kwanza, sauti ileile ya mafundisho, na mwanzo ulikuwa wa kweli, kona kwa kona, faulo kwa faulo, hata goli la kwanza la bluu alilisema. Mwamba wa dakika za mwisho ukaja, na hapo aliuacha ulimwengu tuliouona jana. Mpira uligonga mwamba ukarudi kwa mtu mwekundu, akauingiza kwa kichwa. Wakawa sare, moja kwa moja. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile. Mtu asiyewahi kudanganya hajui pa kuweka miguu. Alirudia maneno, akasahau dakika, akasema kipa wa bluu alianguka kushoto kisha akasema kulia. Halafu ikawa lazima afunge la pili.

"Dakika ya mwisho," alisema, "numero saba alikamata mupira, akabapita babili, akaingiza."

Nilifumba macho. Saba, ambaye yeye mwenyewe alileta habari za goti lake wiki mbili kabla. Kati ya namba zote ilimjia ile aliyoifua mara nne shatini. Mtu alikohoa upande wa pili wa uwanja.

Kijana aligeuza kichwa, akamtazama mama yake.

"Saba hakucheza, mama," alisema polepole. "Goti yake ingali mubaya. Ni kumi na moja njo aliingiza."

"Njo vile," mama alikubali. "Ni kumi na moja."

"Na kipa yabo? Aliruka?"

"Aliruka. Mupira ulimupita."

"Bon," kijana alisema. Akanyoosha mkono kwenye sufuria, akakata tonge dogo la bukari, akalichovya katika sombe. Alitafuna kama mtu anayejifunza. Akakata la pili. Mmoja wa wafungwa, mtu wa miraba minne, aliinuka akaenda kusimama akiangalia ukuta.

Kapita alinifuata mpaka kwenye pikipiki. Aliniambia walinzi walikuwa na redio jana, matokeo waliyajua wote tangu jioni, kijana akiwa wa kwanza. Aliposikia alijilaza akageukia ukuta, wakadhani imekwisha. Asubuhi aliomba abebwe nje. Aliwaambia anataka tu kusikia vile mama yake atakavyosema, na kwamba yeyote atakayemsahihisha mama huyo asimwite yeye ndugu tena. Nilirudi kwa Mama Katekista na maneno hayo mdomoni, nikayameza. Alishika shati langu kwa nyuma njia nzima, na sikumgeukia.

Ningependa kuwaambia kwamba kijana alipona. Alikula, alimeza dawa, akahamishiwa hospitali, na mashavu yakarudi kidogo. Lakini mapafu yalikuwa yamejaa vumbi la zamani, na daktari alisema amekuja na kifua cha mzee. Tulipata miezi mitano. Kila siku ya kumtembelea alimwita mama. Mama, niletee maji. Mama, nani alicheza jana. Aliita hata bila kuwa na la kusema, na yeye aliitika kila mara, hata akiwa amesimama hapohapo. Mvua za kwanza zilipoanza alikufa, alasiri, mama akiwa ameshika mguu wake. Kwenye kilio watu walimtunga kijana mzuri. Tulimsubiri Mama Katekista aseme vile alivyokuwa. Alitikisa kichwa.

Baada ya hapo aliacha kufundisha. Alirudisha kwa padri funguo za chumba cha mafundisho na orodha ya watoto, akahamia benchi la mwisho kanisani. Watu wakienda kupokea komunio, yeye anabaki amekaa, mikono magotini. Mwanzoni tulifikiri ni msiba. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa sita. Yule mama wa nyumba ya kona anampita akienda mbele, na akirudi anampita tena.

Juma lililopita alikuja karakana na mbabula yake, mguu mmoja umekatika. Nilimchomelea. Akakaa palepale alipokuwa anakaa Jumamosi, mbele ya pipa, na televisheni imezimwa. Amekonda. Nikaona nisipomwambia siku hiyo sitamwambia tena, nikamweleza alichoniambia kapita: kwamba mtoto alijua, wote walijua.

"Niliyua," alisema. "Bote balikuwa banaangalia chini."

Nilifurahi kama mjinga. Nikamwambia basi mzigo huo autue, kama aliyesikia alijua kweli, bongo, yaani uongo, uko wapi? Alinitazama kwa lile jicho la sahani mbili, na kwa dakika moja nilikuwa tena na miaka tisa.

"Bongo ni ya kinywa, papa. Haiko ya masikio. Nilibongopa."

"Basi uende kuungama, mama. Padri atakuondolea, ni dambi kidogo sana. Urudi kwa meza ya Bwana."

"Nilienda. Mara tatu." Aligeuza mbabula, akapitisha kidole pale nilipochomelea, akaangalia kama kuna ufa. "Padri iko muzuri. Ananiuliza kitu kimoja tu, kama ninajuta."

Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nikimwambia ndiyo," alisema, "itakuwa bongo ya pili."

Alinyanyua mbabula yake ikiwa bado ya moto upande mmoja, akaishika kwa kitenge, akavuka njia.